Kavu Chini ya Bahari

Matundu kumi na moja, boliti kumi.
Nimehesabu kwa kidole, nikahesabu kwa tochi,
nikahesabu kwa sauti, kama mtu anayebishana na karani wa benki.
Gamba la kushoto la pikipiki yangu
lina tundu tupu chini ya taa,
jeusi, pengo la mtoto anayecheka.

Niliisikia ikiondoka.
Hapana, nasema uongo: nilisikia gamba likianza kupayuka,
ta-ta-ta-ta, katikati ya handaki
lipitalo chini ya bahari, kisiwa hadi kisiwa,
nikadhani ni meno yangu, kwa baridi.
Basi ipo huko, boliti yangu,
na maji yote yale ya Atlantiki juu yake,
nayo ni kavu.

Nani atasimama humo kuitafuta?
Malori ya samaki hayapunguzi mwendo
kwa ajili ya milimita tano za chuma.

Nilifunga kwa waya wa mfuko wa mkate.
Huku Klaksvík upepo hung'oa nyasi juu ya mapaa,
utashindwa na waya wa mkate?
Asubuhi gamba lilining'inia upande
kama sikio la kondoo aliyesinzia.

Nikapiga hodi kwa Tummas, fundi umeme mstaafu,
mtu wa maneno machache na mikebe mingi.
Mikebe ya tumbaku, mia na kitu,
kila mmoja na karatasi yake,
kila karatasi na mwandiko wa Sigga, mkewe,
maana yeye, asema, huandika kama kuku aliyekanyaga wino.
Alishika boliti niliyoing'oa iwe mfano,
akaipima kwa ukucha wa gumba,
akafungua mkebe wa nne kutoka dirishani
bila kuutazama.

"Hii ni ndefu kidogo.
Ukiikaza yote itatoboa rejeta.
Weka washa mbili, na kipira hiki. Usitumie nguvu.
Unashona, hupigi msumari."
Kisha akavuta daftari
akaandika, polepole: Marjun, boliti moja. Na tarehe.
Nikacheka.
Yeye hakucheka.

Akiba haiozi, ndivyo isemwavyo.
Aliyesema hakuishi mahali ambapo chumvi
huingia kwa tundu la ufunguo.
Akiba hushika kutu.
Kila Desemba Tummas huipaka mafuta, mkebe kwa mkebe,
redio ikisoma hali ya hewa,
na nusu ya vitu hivyo ni vya mashine zilizokwisha kufa:
cherehani, pampu ya kisima,
skuta nyekundu ambayo hakuna anayeitaja.

Niliagiza ishirini kutoka Denmaki.
Nauli ilizidi bei ya boliti mara sita.
Meli ilichelewa siku nne, na siku zote nne
niliendesha pikipiki mdomo nimeufunga,
kama kwamba ni mimi niliyeshikilia gamba.

Moja niliifunga, na tone la gundi ya buluu kwenye uzi wake.
Kumi na saba nilizitia katika chupa ya jemu ya rubabu
ambayo bado inanukia rubabu.
Mbili nikampelekea Tummas.

Alifungua daftari, akakata jina langu kwa mstari mmoja,
akachukua ile ndefu ya zamani, akachukua mpya moja,
akaitazama ile ndefu kwenye mwanga, akairudisha kwenye mkebe wake.
Mpya ya pili akaisukuma kwangu juu ya meza.
"Nilikukopesha moja. Hii moja ni riba. Inatosha."
"Hiyo nyingine ni shukrani," nikasema.
"Sina mkebe wa shukrani.
Na wa kuandika karatasi hayupo."

Sasa inakaa mfukoni mwa koti langu la mvua
pamoja na sarafu.
Mara mbili nimeitoa dukani kulipia maziwa.

Na nikiingia handakini, nikikaribia pale,
nalibana gamba kwa goti, najikunja, nasikiliza.
Kimya.
Kumi na moja.